Huyu wa "nimefagia kidogo" ipo siku nitamnunulia fagio la kweli

FundiBarabaraYaTisa:

Wakuu mniwie radhi kwa herufi, naandika mkono unatetemeka na bando lenyewe la saa moja. Jina lake silitaji na sina haja ya kulitaja, madevelopa, waandika programu, wa Tanga hatujazi hata bajaji tatu na wote mnamjua. Yule mwenye laptopu imejaa stika kama kioo cha nyuma cha daladala ya Raskazone, yule akikaa mahali dakika mbili lazima aseme "sisi kule Dar tulikuwa tunafanya hivi". Ndo huyohuyo.

Sasa mimi wiki nzima nimekesha na moduli ya stoo ya mteja wetu, mzee mmoja wa maghala ya machungwa. Jana usiku nimepushi, yaani nimepandisha kazi kwenye seva, kwenye tawi langu, njia yangu ya pembeni ndani ya repo, lile ghala la msimbo wa mradi, nimelala fofofo. Asubuhi niko zangu Makorora, chai imeshamiminwa, mihogo na chatini ndo inatua mezani, simu ikalia. Grupu la WhatsApp la mradi. Lile grupu lenye MTEJA ndani. Jamaa kaandika: "Asalaam aleikum, nimefagia kidogo kwenye repo, kulikuwa na uchafu uchafu." Halafu akaweka na kile kikatuni cha fagio.

Fagio wakuu. FAGIO.

Huko kufagia kwenyewe ni nini? Ni git push --force! Yaani Git, ule mfumo unaotunza matoleo ya msimbo, unaulazimisha ufute ya kwenye seva uweke ya kwako. Ana nakala yake ya tangu Adam hajaoa, hajavuta kipya, Git ikamkatalia kwa adabu kabisa kwamba ndugu huku kuna kazi ya mwenzio wewe huna, naye akaona Git haijui inaongea na nani, akaipiga fosi. Komiti zangu zote, zile hatua za kazi nilizohifadhi, kwenye seva kwishney. Hakuuliza, hakupiga simu, na wala si mtu wa mbali, anakaa Chumbageni hapo tunapishana kila siku na baiskeli.

Na alichofagia sasa! Nafungua repo nakuta mafaili niliyoyafuta mwezi uliopita yote yamerudi, index_mpya2_ya_mwisho_KWELI.php limerudi limejikalia juu kabisa. Halafu uchafu ni mimi. Na kasema uchafu uchafu, mara mbili, mtu usije ukadhani alikosea kuandika.

Ngoja sijafika. Mteja, mzee wa watu, repo hajui ni mnyama gani, naye akajibu: "MashaAllah, hongera sana kijana, usafi ni nusu ya imani." Na vidole gumba vitatu. Mimi tangu mradi uanze mzee hajanipa hata gumba moja, nikimtumia skrini mpya ananijibu "sawa". Lile fagio likapata matatu! Na jamaa bila haya wala soni akajibu "tupo pamoja mzee wangu". Muhogo ulinikwama hapa, mama muuza chai akaniuliza kama nimefiwa.

Nimemaliza. Hapana sijamaliza, mtu unakaa kabisa, unaacha vikatuni vyote vilivyomo kwenye simu, unatafuta FAGIO??

kashata_na_chungu:
Nimekaa siti ya mbele. Muuza kahawa pita na huku.

PopoWaAmboni:
Hahahaa mzee wa machungwa kaua kabisa. Ila mkuu kazi si ipo kwenye laptopu yako? Na hata ungekuwa umeshaivuta hiyo ya kwake ikakufutia, unapiga git reflog unaziona komiti zako zote. Git inatunza hiyo kumbukumbu siku 90, na zile ambazo hazifikiwi tena na tawi lolote siku 30. Umemwaga machozi kwa kazi ya dakika tano.

FundiBarabaraYaTisa:
Kazi nimeirudisha chai haijapoa, nani kasema imepotea? Mimi nazungumzia fagio mbele ya mteja. Someni uzi jamani.

BintiChumbageni:
Huyo namjua hata kabla sijafika kwenye stika. Kwangu aligeuza tabu zote (zile za kitufe cha Tab mwanzo wa mstari) kuwa nafasi, faili zote, mradi mzima, kisha komiti akaiandika "maboresho makubwa". Leo ukipiga git blame kila mstari unasoma jina lake, mpaka ile nilioandika nikiwa na mimba ya mwanangu ambaye sasa hivi anakwenda chekechea.

FundiBarabaraYaTisa:
Dada yangu ASANTE. Mnaona?

mzee_wa_kobol:
Vijana hamfungi milango. Kwenye GitHub kuna sehemu ya kulinda tawi, mtu akileta fosi anakataliwa palepale. Na akiwa na sababu ya msingi atumie --force-with-lease, hiyo inagoma ikikuta mwenzake kaongeza kitu ambacho yeye hajakivuta.

FundiBarabaraYaTisa:
Shikamoo mzee. Lakini hilo tawi lilikuwa langu binafsi, lina jina langu, naanza kulilinda kwa nani?

mzee_wa_kobol:
Marahaba. Kwa huyo.

seva_imelala:
Picha ya skrini iko wapi? Bila picha hii ni hadithi ya sungura na fisi.

FundiBarabaraYaTisa:
Grupu lina namba ya mteja, siweki picha mimi.

Mbishi_wa_Pangani:
Mimi nipo upande wa fagio. Mtu anayeita faili "ya_mwisho_KWELI" huyo hata kufagiwa bado, apigwe maji na sabuni.

FundiBarabaraYaTisa:
Faili ni LAKE! Mimi nililifuta, yeye ndo kalirudisha!

Mbishi_wa_Pangani:
Kwa hiyo kaja kuchukua mali yake, kosa lake nini hapo?

kashata_na_chungu:
Hahahaaa. Ila Tanga si tunasemaga waja leo waondoka leo, huyu wa stika mbona haondoki?

MtataWaMalipo:
Mnalia fagio, mimi namtafuta aliyeamua shilingi yetu ina senti. Kwenye viwango vya sarafu vya ISO 4217, TZS imewekewa desimali mbili, wakati shilingi ya Uganda haina hata moja, wenzetu wameachwa wakapumzika. Sasa mifumo ya malipo ya nje inataka utume kiasi kwa senti, kanzu ya 15,000 unatuma 1500000. Kijana wangu wa mafunzo akasahau sifuri mbili, mtu akaondoka na kanzu kwa shilingi 150 na risiti anayo mkononi. Nani hapa amewahi kushika senti? Wewe mzee umewahi?

mzee_wa_kobol:
Nimewahi, na nilikuwa nanunulia vitu.

BintiChumbageni:
Senti afadhali, njooni kwenye saa. Mama wa kikundi cha vikoba kaniambia ujumbe wa kukumbusha michango uende saa mbili usiku, nikampa kazi mwenzangu mmoja msomi kweli, akaandika 02:00. Akina mama wote wakaamshwa saa nane ya usiku wanadaiwa. Mmoja alidhani kuna msiba, kaamsha nyumba nzima.

PopoWaAmboni:
Dada hiyo bado nyepesi. Seva yangu iko Ulaya inahesabu UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele saa tatu, kwa hiyo siku ya seva inaisha huku kwetu saa tisa usiku. Nina mteja wa samaki pale Deep Sea, mzigo wake unatoka saa nane usiku, kila asubuhi akifungua ripoti anakuta samaki wa leo wameuzwa jana. Kanishika shati ananiambia mfumo wako unaniibia siku. Nimemweleza UTC mpaka nimechoka, mwisho kaniuliza hao Ulaya wanakula samaki wake au vipi.

MtataWaMalipo:
Umemjibu nini?

PopoWaAmboni:
Nimeweka Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio nikanyamaza.

mzee_wa_kobol:
Saa, senti, yote hayo yana dawa. Mniambie kwa nini Januari kwenye JavaScript, ile lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ni mwezi wa sifuri. Siku inaanza moja, mwaka uko kamili, mwezi peke yake ndo sifuri. Ndo matokeo ya kuandika lugha kwa siku 10, tarehe ukazinakili kutoka Java.

Mbishi_wa_Pangani:
Mzee nakuheshimu ila JavaScript usiiguse. Imeandikwa siku 10 mwaka 1995 na mpaka leo ndo inawalisha watu humu. Hiyo Kobol yako, lugha ya kizamani, inamlisha nani?

mzee_wa_kobol:
Benki.

kashata_na_chungu:
😂😂😂 Kahawa nyingine hapa!

FundiBarabaraYaTisa:
Jamani uzi wangu. Yule mtu sasa hivi kaweka grupuni "kesho naendelea na usafi".

Mbishi_wa_Pangani:
Mzee usinikimbie, benki nyingi programu za simu zimejaa JavaScript humo ndani.

BintiChumbageni:
Na node_modules yake, lile folda la vifurushi vya JavaScript, giga nzima kwa ajili ya kitufe kimoja. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika mimi nilikuwa katikati ya npm install, navishusha hivyo vifurushi, nimepika, nimeswali, nimelala, nimeamka, bado inashuka.

Mbishi_wa_Pangani:
Hilo ni kosa la bahari dada, usimsingizie mtu.

seva_imelala:
Samahani kwa kuingilia wakuu, nauza UPS, haijatumika sana, umeme ukikatika unamaliza kazi yako vizuri unapushi na unazima. Ipo Usagara.

PopoWaAmboni:
Wewe si ndo ulikuwa unadai picha? Weka picha.

seva_imelala:
Picha njoo pm.

Mbishi_wa_Pangani:
Bei?

seva_imelala:
Njoo pm mkuu.

MtataWaMalipo:
Hii tabia ya njoo pm inanikera kuliko hata senti. Mtu anauza kitu hadharani bei anaifanya siri ya familia. Ndo mana tukijenga maduka ya mtandaoni wateja wanatuambia sehemu ya bei tuandike "piga simu", sasa huo mfumo mimi niujumlishe na nini?