Maji ya mfereji yanarudi yakiwa kama strungi, ofisini wanasema yamepimwa yako sawa. Niulize nini?

MamaWawili

Habarini wapendwa. Niko mji mdogo huku kaunti ya Nakuru, tunatumia maji ya mfereji na mgao wetu ni Jumanne na Ijumaa. Sasa tangu mvua ianze, maji yakirudi ile saa ya kwanza yanafanana na strungi. Juzi nilikinga kwa karai jeupe nikayaacha usiku kucha, asubuhi chini kulikuwa na tope laini kama unga wa wimbi. Kitinda mimba wangu ameharisha mara mbili mwezi huu. Halafu yule mkubwa wa miaka tisa meno yake ya mbele yako na madoa ya kahawia, nimekuwa nikimgombeza kila asubuhi nikidhani hapigi mswaki vizuri.

Nilienda ofisi ya maji wakanionyesha karatasi ya maabara iko na stempu, imeandikwa maji yamefaulu. Sikujua niulize nini tena, nikarudi nyumbani. Je, hiyo karatasi inaweza kuwa ya kweli na maji yangu bado yawe mabaya? Na nikichemsha tu itatosha?

fundi_wa_paipu

Pole sana dada. Karatasi inaweza kuwa ya kweli kabisa, shida ni ile sampuli ilichotwa wapi na siku gani. Ikichotwa pale kwenye mtambo wa kusafisha maji, yakitoka tu kutiwa klorini ya kuua vijidudu, ni rahisi yafaulu. Lakini wewe hunywi pale, unakunywa mwisho wa laini.

Wacha nikuambie kitu nimeona kwa macho yangu. Kuna mahali tulifukua tukapata paipu imelala ndani ya mtaro wa maji machafu, imepasuka, na mtu ameifunga kwa tyubu ya baiskeli. Siku ya maji ilikuwa inarusha nje, hiyo kila mtu aliiona. Lakini maji yalipofungwa na laini ikaanza kuisha huko chini bondeni, yale maji ya mtaro yalikuwa yanaingia pale kwa ufa yakizunguka, kama mtu anavuta soda kwa mrija. Hapo ndipo nilielewa mgao ni hatari hata kama mtambo unafanya kazi yake vizuri, kwa sababu paipu ikiwa imejaa na iko na presha uchafu hauingii, ikikauka inafyonza kila kitu kilicho karibu nayo. Na hilo tope linakula klorini yote kabla ifike kwako.

Kwa hivyo rudi ofisini uulize matokeo ya mfereji wa mtaani, hayo ya mtambo waachie. Uulize tarehe na mahali, klorini iliyobaki ilikuwa ngapi (kwa mfereji wa mteja tunataka angalau 0.2 kwa lita, hiyo ni miligramu, na ikifika 0.5 ni vizuri), na bakteria wa E. koli, wale wa kinyesi, ambao wanatakiwa wawe sufuri kwa kila mililita 100. Sufuri, hakuna kusema ni wachache tu. Na usijaze tangi kwa maji ya kwanza, yaache yamwagike ufulie nayo matambara mpaka yaangaze.

Mwalimu_Kem

Mama Wawili, mimi naomba uache kumgombeza huyo mtoto. Hayo madoa yanaweza kuwa ya floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji, na hakuna mswaki utayatoa. Meno ya mbele ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya mtoto akiwa bado mdogo sana, kwa hivyo unachokiona leo ni maji aliyokunywa miaka ile. Mpeleke kwa daktari wa meno athibitishe.

Sisi tuko Bonde la Ufa, mawe yetu ni ya volkano na maji ya visima virefu yakikaa humo ndani yanayeyusha floraidi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi huku vinapita hapo. Maji yenyewe yanaweza kuwa meupe pe, matamu, hayana harufu wala bakteria hata mmoja. Ndio maana "yamefaulu" haina maana mpaka ujue yamepimwa nini. Kampuni nyingi zinachanganya maji ya mto na ya visima, ukame ukija wanaegemea visima, kwa hivyo ulizia hiyo karatasi ni ya chanzo gani.

Kuhusu kuchemsha: kunaua vijidudu, endelea. Yakitokota vizuri dakika moja inatosha, na kama uko juu kama Molo yaache dakika tatu. Lakini floraidi haiendi na mvuke. Ukichemsha sana maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale, sasa iko nyingi zaidi kwa kila kikombe. Ya kunywa na kupikia watoto kinga ya mvua, mabati yaoshwe na mvua ya kwanza kwanza. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa, Jimbo Katoliki la Nakuru wamefanya kazi hiyo miaka mingi, ila ule mkaa unachoka na lazima ubadilishwe.

jaber_wa_Kisumu

Na tangi la ploti mmeliangalia? Huku kwetu tulilaumu kampuni karibu mwaka mzima. Siku moja keateka akapanda, mfuniko haukuwa, ndani ute wa kijani na mijusi wawili wamekufa. Pima kabla ya tangi na baada ya tangi ndio ujue ni nani wa kuulizwa.

Tena andika barua, usiende kwa mdomo tu. Katiba kifungu cha 43 inasema maji safi na salama ni haki, na ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu. Wakinyamaza kuna Wasreb, wale wanaosimamia kampuni za maji, na kuna Ombudsman wa malalamiko ya wananchi. Barua iwe na nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa.

MamaWawili

Asanteni sana jameni, nimelia kidogo hapo kwa mambo ya meno, na nimemwomba mtoto msamaha.

Leo Ijumaa afisa wa afya wa wadi amekuja na kile kisanduku cha kupima klorini, unatia kidonge maji yanageuka pinki. Ndoo ya kwanza kwenye mita hayakubadilika hata kidogo. Tukangoja karibu nusu saa tukarudia, ikaja pinki hafifu, akasoma 0.3. Ya tangi la landilodi, hakuna kitu. Sasa makosa yako pande zote mbili. Amechota na chupa ya maabara, akachoma kwanza mdomo wa mfereji kwa moto, akaiweka kwa barafu. Majirani kumi na mmoja wameweka sahihi kwa barua, nimeandika tunataka floraidi ya kila kisima kinachotulisha. Jumatatu saa mbili niko mlangoni pao.

fundi_wa_paipu

Vizuri sana dada. Waambie pia wakuonyeshe ramani ya laini inayopita kwa mtaro. Na hiyo 0.3 uiandike na saa uliyopima.