Reli za stenlesi zimeanza kutu, nimepigwa?

mwana_raskazone
Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga, Raskazone, nyumba inatazama bahari kabisa. Mwaka jana tuliweka reli za stenlesi kwenye ngazi na roshani, fundi akaapa hizi hazishiki kutu maisha, akatoa na sumaku mfukoni akaigusisha, haikunata, tukaridhika tukalipa. Sasa masika yamepita naona vidoadoa vya kahawia, tena vimejazana pale alipochomelea. Nimepigwa au ndo zilivyo? Nikipaka rangi je?

fundi_grenda
Mkuu hiyo sumaku imekudanganya. Stenlesi ni chuma kilichotiwa kromiamu, kuanzia asilimia 10.5 hivi, ikikutana na hewa inajifunika utando mwembamba hata huuoni, ukikwaruzika unajirudi wenyewe, huo ndo unaozuia kutu. Sasa kuna namba za aina za stenlesi. 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ndo ya masinki na masufuria ya maana. 201 wamepunguza nikeli wakazidisha manganizi ili bei ishuke, nayo sumaku hainati na ikishang'arishwa kwa macho huijui. Ya baharini ni 316, hiyo ina madini ya molibdeni asilimia 2 mpaka 3, chumvi inaihimili. Raskazone kusi likivuma hata 304 itatoa madoa usipoiosha.

Chuda_mjini
Bomba lisibebe lawama zote jamani. Fundi anakata geti la chuma cha kawaida, diski ileile anahamia kwenye stenlesi, zile chembe zinaganda juu ya bomba halafu zinaoza zenyewe, wewe unaona bomba limekufa kumbe ni uchafu wa juu. Na pale alipochomelea angalia kama pamebaki rangi ya bluu bluu na kahawia, pale utando umeharibiwa na moto, lazima pasafishwe kwa asidi yake maalumu mpaka parudi peupe. Wengi hawafanyi, wanapiga polishi pale panapoonekana tu basi.

mwana_raskazone
Ipo hiyo bluu, tena kwa chini chini ambako hupaoni mpaka uiname!! Mama anasema nipige bleach.

fundi_grenda
Thubutu! Bleach ina klorini, inatoboa vishimo vidogo vidogo, kesi inakuwa nyingine. Maji ya bomba, sabuni ya kawaida, kitambaa, suuza kausha, kwa hapo ulipo kila wiki. Waya wa kusugulia masufuria usiuguse. Rangi nayo kwenye bomba laini hivyo haikamati, ikibambuka chumvi inajificha chini yake.

mpaa_samaki
Samahani naingilia, mbona kisu changu kimeandikwa stenlesi na sumaku inanata vizuri tu?

Chuda_mjini
Hicho ni jamii nyingine mkuu, kama 420, kina kaboni ya kutosha kinapigwa moto kiwe kigumu kishike makali. Nikeli hakuna kabisa au kidogo sana. Ni stenlesi halali, ila kinga yake ndogo, usikilaze na ndimu na chumvi.

mwana_raskazone
Nawashukuru wakuu. Kesho fundi anakuja na risiti yake, nataka anionyeshe ni namba gani aliyonunua.

fundi_grenda
Risiti ikiwa imeandikwa "stenlesi" tu bila namba, kuna dawa ya matone ya kupimia 201, mwambie aje nayo, mpime mbele yako.