Pentium 4 zenye RAM ya MB 512: mfumo gani mwepesi utazifaa?

MwalimuKilosa
Wapendwa, habari za kazi. Shuleni kwetu tumepewa kompyuta sita za mezani zilizokuwa zimewekwa stoo na ofisi fulani. Kila moja ina prosesa ya Pentium 4 ya GHz 2.8, RAM ya MB 512 na diski ya GB 40, na bado zinatumia Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Ninataka wanafunzi wa kidato cha kwanza wajifunze kuchapa kwa vidole vyote, kutengeneza majedwali na, ikiwezekana, kusoma Wikipedia. Nilijaribu Ubuntu ya karibuni, mfumo huria wa Linux, kwa flashi, mashine haikuiona. Nilipotumia DVD, ikakataa kwa maelezo kwamba prosesa si ya biti 64. Je, upo mfumo huria unaozikubali mashine za namna hii?

FundiLumumba
Shikamoo Mwalimu. Maelezo hayo uliyoyaona ni ya kweli, kwa kuwa Pentium 4 nyingi ni za biti 32 tu, na mifumo mikubwa imeziacha moja baada ya nyingine. Hata Debian, mfumo mwingine wa Linux uliokuwa kimbilio la wengi wetu, haikutoa tena kisakinishi cha biti 32 katika toleo lake la 13 la Agosti 2025. Pakua antiX 23 ya biti 32, mfumo mwepesi wa Linux ambao umejengwa juu ya Debian 12 na hutumia IceWM kupanga madirisha, kwa hiyo RAM kubwa inabaki kwa ajili ya kazi za wanafunzi.

Kuhusu flashi, BIOS nyingi za wakati ule (programu inayoanza kazi mashine inapowashwa) haziwezi kuwasha mashine kwa flashi. Choma DVD, kama kisomaji ni cha CD pekee, choma Plop, programu ndogo ya kuwashia mashine, kwenye CD, nayo itaikabidhi flashi kazi ya kuwasha.

Ila kabla ya kusakinisha chochote, fungua kasha. Toa vumbi kwenye feni, kisha badilisha ile betri ya duara, CR2032, iliyo kwenye bodi kuu. Betri hiyo ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika, na kivinjari hukataa tovuti kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana kuwa vya wakati ambao haujafika. Nimewaona watu wakihangaika na mtandao siku nzima, kumbe tatizo lilikuwa betri. Kagua pia kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyo karibu na prosesa: vichwa vyake viwe bapa, si vilivyotuna.

Zuhura_Tanga
Naunga mkono antiX, lakini Mwalimu ajue mapema kwamba mfumo kuwa mwepesi hakuifanyi mitandao ya leo kuwa myepesi. Kurasa chache tu zenye video zitamaliza MB 512 zote, diski ianze kukoroma, na mtoto abaki akitazama kishale kisichosogea. Isitoshe, Firefox 144 ya Oktoba 2025 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32.

Kwa hiyo Wikipedia isisomwe kutoka mtandaoni. Weka Kiwix, programu ya kusoma nakala ya Wikipedia bila intaneti, kwenye kompyuta moja yenye nguvu kidogo, hata kama ni laptopu yako, uunganishe nyingine kwa nyaya na swichi ya mtandao, nazo zisome kupitia kivinjari chepesi cha NetSurf bila kutumia bando. Kwa maandishi tumia AbiWord, kwa majedwali Gnumeric, na kwa kuchapa Tux Typing. LibreOffice itafunguka, lakini kwa RAM hiyo kipindi kitakuwa kimekaribia kwisha.

MwalimuKilosa
Marahaba, na asanteni sana nyote wawili. Nimefungua makasha yote leo mchana. Mashine mbili kapasita zake zimevimba, na moja imeacha doa la kahawia kwenye bodi, hivyo zote mbili nimezing'oa vijiti vyake vinne vya RAM, MB 256 kila kimoja, na kuvigawa kwa mashine mbili nzima zilizokuwa na nafasi, ambazo sasa zina GB 1 kila moja. Saa za zote nne zilionyesha mwaka 2003, betri nimebadilisha. Laptopu yangu itabeba Kiwix, na antiX inapakuliwa wakati naandika haya.

FundiLumumba
Mashine za GB 1 zipe Gnumeric, hizo nyingine zianze na Tux Typing. Ukikwama kwenye kugawa diski, tuma picha ya skrini kabla hujabonyeza kukubali.