Supamaketi acheni kutusingizia Waislamu kwenye hizo "sikukuu njema" zenu

Wakuu salama? Nimechukia, ngoja niseme. Nimeingia supamaketi moja hapa Dar kuchukua mchele na mafuta, mlangoni mti wa plastiki umebandikwa pamba eti theluji, na jua hili la Disemba, spika zinapiga nyimbo za Krismasi mwanzo mwisho, halafu bango kuubwa: "Tunawatakia msimu mwema wa sikukuu". Sikukuu gani? Idd ya 2025 tulishaila mwezi wa tatu, ya kuchinja mwezi wa sita, Maulid nayo ikapita. Imebaki Krismasi, si muitaje jina lake! Ingekuwa mwaka 2000 sawa, Idd iliangukia mwishoni mwa Disemba, Krismasi haijapoa, hapo ukisema sikukuu kila mtu anakuelewa.

Nafika kwa keshia, binti kavaa ushungi, juu yake kavishwa kofia nyekundu ya Santa. Nikamwambia heri ya Krismasi dada, akamwangalia kwanza supaviza ndo akanijibu kwa sauti ya chini, "sikukuu njema kaka". Nikamuuliza supaviza kulikoni, eti maelekezo ya ofisini, hawataki kuwakwaza wateja Waislamu.

Mwislamu si ndo mimi sasa! Nani alikuja kulalamika? Mtaani kwetu kuku wa Krismasi wa jirani nachinja mimi ili wote tule, sahani ya pilau inavuka ukuta, na Idd inarudi imejaa, hakuna aliyekwazika. Huu ubishi ni wa Marekani, kule 2005 kuna Wakristo walitangaza mpaka kususia maduka makubwa kisa hayataji Krismasi, sasa nyie mmeubeba mzima mzima mnauleta hapa wakati hatuna huo ugomvi.

Na unafiki wenu tunauona. Ramadhani mnaandika Ramadhan Kareem, mwezi na nyota kila kona, tende bei juu, hapo hamuwazi kama Mkristo atakwazika? Ila kumvisha binti wa Kiislamu kofia ya Santa siku nzima hilo halikwazi mtu, sio?

Mnaopiga kazi kwenye haya maduka fungukeni humu, hayo maelekezo mnapewa kwa barua au kwa mdomo tu? Na asiyeitaka hiyo kofia anaruhusiwa kukataa au ndo kibarua kinaota nyasi?