"Shamba pori ekari 10": hilo pori ni lipi?

Ndugu zangu, salaam. Dalali wa Mkuranga, Tanzania, ametuma picha za "shamba pori" ekari 10, eti halina mwenyewe, kijiji ndicho kinauza. Niko Reading, Uingereza. Neno hilo nilisomeje kabla ya kutuma hela?

*

Kaka, pori ni ardhi isiyofyekwa, basi. Habari ya mwenyewe haimo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ina mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ya watu na familia zao, na ya akiba isiyogawiwa bado. Pori laweza kuangukia lolote. Kama ndiko wanakochungia na kuokota kuni, ni la wote. Ukiuziwa kwa mhuri wa mtendaji wa kijiji peke yake umenunua karatasi. Dai muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na kama ulishachukua uraia wa huko, sema mapema, masharti yako si ya raia.

*

Zikuze hizo picha. Mikorosho iliyokaa mstari haikujiotea. Minyaa iliyopangwa ni mpaka wa mtu. Ukiona na mwembe mkongwe katikati, hayo ni mahame, makazi ya zamani yaliyohamwa: tafuta makaburi, halafu tafuta warithi.

Majina nayo yanapotosha. "Mbuga" kwa Wasukuma ni tambarare ya udongo mweusi, masika inatuama maji. Nzuri kwa mpunga, mbaya kwa nyumba. Ila "Pori la Akiba" na "Pori Tengefu" ni hifadhi za wanyama kisheria. Usiguse.

*

Nyongeza kuhusu vipimo. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo inakubali hatua ikiwa yadi nzima, kama sentimita 91. Dalali akitembea hatua za sentimita 75, upande unatoka mita 52.5: mita za mraba 2,756 badala ya 4,047 za ekari kamili. Kwenye ekari 10, zaidi ya tatu ni hewa. Mtu wako azunguke mpaka na GPS, majirani wa pande zote wakiwepo.

Bei ya kusafisha iulizwe mara mbili: kufyeka, na kung'oa visiki. Kisiki kilichokatwa juu juu huchipua tena, na kikijificha kwenye nyasi kinavunja sahani ya plau. Wenye trekta wengi watakataa kuingia. Miti ya mbao isikatwe wala mkaa usichomwe kabla ya kuuliza ofisi ya misitu ya wilaya.