Fundi akikuambia "nimekubadilishia mafaili", hesabu herufi zako kabla hujamlipa

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki tatu na haijapoa, ndiyo maana naileta hapa. Ni ndefu. Mwenye mafaili ya zamani nyumbani au ofisini asome hadi mwisho, maana yaliyonikuta mimi yanamngoja na yeye.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kule Kitui. Miaka yote aliyofundisha alikuwa akikusanya: hadithi alizosimuliwa na wazee, vitendawili, majina ya miti na dawa zake, nyimbo za kusagia nafaka. Yote kwa Kikamba, kwa kalamu ya wino, daftari kumi na moja. Mwaka 2002 na 2003 nilikuwa nimeajiriwa katika duka la uchapaji hapa Mombasa, na tajiri wangu aliniruhusu kubaki na kompyuta usiku baada ya kazi. Ndivyo nilivyomchapia mama kitabu chake. Tulitumia PageMaker 6.5, programu ya kupangia kurasa za kuchapisha. Waliokuwa kwenye kazi hii enzi hizo wanajua: kadi, kalenda, jarida la kanisa, kitabu cha shule, karibu kila kitu kilipitia humo.

Pesa zilitosha sehemu ya kwanza tu. Tulitoa nakala 300 zikaisha. Sehemu ya pili ilibaki kwenye CD, imepangwa hadi ukurasa wa mwisho, ikisubiri siku ya pesa. Madaftari yenyewe yaliliwa na mchwa sandukuni. Kwa hiyo naomba mnielewe vizuri: nusu ya kazi ya maisha ya mama yangu haipo mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya mafaili yale.

Mwaka huu mama ametimiza miaka 78 na amesema anataka kukiona kitabu kizima kabla macho hayajamkataza. Nikaitoa CD. Alhamdulillahi inasoma. Mafaili 16 yenye .p65 mwishoni, na moja la .mdb, orodha ya maneno na maana zake tuliyoiweka kwenye Access 97, programu ya Microsoft ya kutunzia orodha na majedwali. Kompyuta yangu ya sasa haikulifungua hata moja. Nikayanakili kwenye flashi, nikaenda duka moja la mjini, silitaji. Kijana akayatazama akasema kazi ndogo, shilingi 3,000, njoo kesho.

Kesho yake nikapewa mafaili 16 ya Word. Lile la maneno akaniambia "limeharibika, sahau". Nikalipa, nikachapisha kurasa kumi za kwanza, nikampelekea mama wikendi ile. Alisoma mistari minne. Akavua miwani, akaniuliza ni nani aliyeandika maneno haya.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu huyu fundi hayuko peke yake.

Kikamba kina herufi ĩ na ũ, na hizo si mapambo. Ni irabu mbali na i na u za kawaida. Mtu ni mũndũ. Ukiandika "mundu" umeandika kitu ambacho Mkamba akisoma atasimama kwanza. Miaka ile ya PageMaker seti ya kawaida ya herufi za Windows tuliyokuwa nayo haikuwa na ĩ wala ũ. Ilikuwa na ã, ñ na õ, kwa ajili ya Wareno na Wahispania. Sisi tulifanya kama walivyofanya wengi: tulipata fonti iliyochongwa, ambayo ukiandika î mashine inakuonyesha ĩ, ukiandika û inakuonyesha ũ. Kwenye karatasi ilitoka safi kabisa. Lakini ndani ya faili kilichohifadhiwa ni î na û.

Fundi hakuwa na fonti ile, na hilo simlaumu. Alipoona vikofia juu ya herufi kila mahali alidhani ni uchafu wa kubadilisha faili. Akafanya nini? Akaamuru Word ibadilishe kila î iwe i na kila û iwe u. Faili zima. Mafaili yote 16. "Nilikusafishia," aliniambia, na alisema kwa fahari!

Angeyaacha vilevile, ningehitaji dakika tano: badilisha î zote ziwe ĩ, û zote ziwe ũ, kwa sababu siku hizi Unicode, mpango wa pamoja wa herufi za lugha zote kwenye kompyuta, inazo herufi hizo na karibu kila kompyuta inazionyesha. Lakini ukishazifuta, nani atajua i ipi ilikuwa ĩ? Hakuna programu itakayokurudishia kwa uhakika. Itabidi Mkamba anayejua kuandika akae asome neno kwa neno, na Mkamba huyo ni mama yangu wa miaka 78 mwenye mtoto wa jicho.

Si hilo tu. Nilipombana alitumia programu gani, akanionyesha tovuti moja ya kubadilishia mafaili bure. Yaani kitabu ambacho hakijachapishwa, ambacho mwenyewe yuko hai, kimepakiwa kwa watu tusiowajua, bila kuniuliza hata kwa neno moja! Kwenye hadithi tano mwisho umekatika katikati ya sentensi. Vichwa vya kurasa vimeingia ndani ya aya. Hakulinganisha hata ukurasa mmoja na nakala ya zamani. Nilimwambia anirudishie pesa, akanijibu kwamba faili linafunguka, kwa hiyo kazi imefanyika.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na nyote mnaofanya kazi hii kwa mtindo huo. Faili kufunguka ni mlango tu. Kazi ni yale yaliyomo ndani yatoke kama yalivyoingia. Ukipewa nguo ushone upya ukairudisha mkono mmoja umepungua, huwezi kudai malipo kwa sababu eti inavalika.

Bahati yangu CD ilibaki nyumbani. Nikaamua kujifunza mwenyewe, na nilichokikuta kikanizidishia hasira, safari hii kwa wenye programu.

PageMaker ilianza mwaka 1985, mali ya Aldus. Adobe ikainunua Aldus mwaka 1994. Toleo la mwisho, la 7, lilitoka 2001, kisha wateja wakaelekezwa InDesign, programu nyingine ya Adobe ya kupangia kurasa. Sawa, programu huzeeka. Na kwa miaka kadhaa InDesign ilikuwa inafungua mafaili ya PageMaker kuanzia toleo la 6. Iliendelea hivyo hadi toleo la CS6 la mwaka 2012. Toleo lililofuata, CC la 2013, uwezo huo ukatolewa. Na CS6 haiuzwi tena. Mtu anayelipia InDesign kila mwezi leo, akiwa na faili la 2003, hana msaada kutoka kwa programu anayoilipia.

Access nayo ni vilevile. Fundi aliniambia faili limeharibika. Uongo! Halikuwa na kasoro yoyote. Kuanzia Access 2013 mafaili ya Access 97 hayafunguliwi tena, basi. Ukiwa na Access 2007 au 2010 unalifungua, unalihifadhi kwa mfumo mpya, na hilo toleo jipya litalipokea bila shida. Mimi sikuwa nayo. Nilitumia mdbtools, programu ya kusomea mafaili ya Access, kwenye kompyuta ya Linux, vyote vya bure, na jedwali zima likatoka kama maandishi ya kawaida: maneno 1,914, na î zake zote na û zake zote. Nililia, sioni haya kusema. Fundi alikuwa ameniambia nisahau.

Mafaili ya PageMaker nilijaribu kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, upande wake wa michoro uitwao Draw. Inayafungua tangu toleo la 4.4. Mpangilio unavurugika, picha nyingi hazikuja, na maandishi yanakuja vipandevipande kwenye visanduku, kila ukurasa na visanduku vyake. Nimenakili kisanduku kimoja kimoja kwa usiku tisa, nikilinganisha na nakala moja iliyobaki ya sehemu ya kwanza. Lakini maneno yapo! Herufi zipo!

Tafakarini hili. Walioandika njia ya kulisoma faili la PageMaker kwa ajili ya LibreOffice hawakuwa na siri za kampuni. Ni watu wa programu huria, wengine wakijitolea, waliokaa na faili wakalichambua baiti kwa baiti mpaka likafunguka. Mwaka 2014 watu hao wakaanzisha mradi mahususi kwa kazi hiyo, Document Liberation, na wamefanya hivyo kwa mafaili ya programu nyingine kama Publisher, CorelDRAW, Works na nyingine nyingi. Kama watu wa nje wameweza, mwenye programu, aliye na siri zake zote za ndani, anashindwa nini? Hashindwi. Ameamua kazi yako ya zamani haimwingizii pesa. Lakini kazi si yake! Programu ni yake, maneno ni ya mama yangu.

Zipo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India. Aliyesoma herufi hizo anazisoma leo. Miaka zaidi ya mia tatu, karatasi na wino. Faili langu halikufikisha hata miaka kumi na mitano kabla ya mlango kufungwa.

Na wenye maduka ya kadi na vipeperushi, hili ni lenu moja kwa moja. Najua wengi mnafanya kadi za harusi, vyeti vya shule na vijitabu vya mazishi kwenye Publisher ya Microsoft. Microsoft imeshatangaza kwamba kuanzia Oktoba 2026 Publisher inaondolewa, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili ya .pub kwa programu hiyo. Waliowahi kununua Publisher moja kwa moja itaendelea kufanya kazi kwenye mashine yao, ila bila msaada wowote. Ushauri wanaoutoa ni kubadilisha kuwa PDF au Word. PDF ni nzuri kwa kuchapisha, lakini jaribu kubadilisha jina la bwana harusi ndani yake uone utakavyohangaika, na ukiipeleka PDF Word kadi yenye picha na mapambo hutawanyika. Msingoje wiki ya mwisho. Anzeni na yale ambayo wateja hurudi kuyaomba kila mwaka. LibreOffice inafungua .pub, jaribuni mapema muone kinachotoka.

Ninayowaomba mafundi si makubwa. Nakala ya asili isiguswe kamwe, fanyia kazi nakala yake. Uliza fonti iliyotumika, hasa kama lugha si Kiingereza wala Kiswahili. Ukiona alama usizozielewa ziache, mwulize mwenye kazi. Usipakie kazi ya mtu mtandaoni bila ruhusa yake. Chapisha kurasa mbili tatu, zikae kando ya za zamani, msome pamoja na mteja kabla hajatoa hata senti. Na kama hujui, sema hujui. Mimi ningeheshimu hilo na kwenda kwingine.

NYONGEZA: Mnaouliza kwenye majibu kwa nini nisiskani kitabu nikaachana na mafaili: sehemu ya pili haikuchapishwa, nimeshasema, hakuna cha kuskani. Na anayesema nibadilishe tu .p65 iwe .docx ya Word, ndugu yangu, kubadilisha jina la faili hakubadilishi kilichomo. Tafadhali usimpe mtu mwingine ushauri huo.

Nilikofika: mafaili 14 yametoka. Mawili, yote ya sehemu ya pili, kila nikiyafungua LibreOffice inajifunga. Ndani yake zimo nyimbo za kusagia. Natafuta mtu mwenye InDesign CS6 halali inayofanya kazi, Mombasa, Kilifi, hata Nairobi nitapanda basi. Nitakuja mwenyewe na CD, tutafungua mbele yangu, nitalipia muda wako na kompyuta izimwe intaneti wakati huo. Nahitaji saa moja tu. Mwenye nayo aniandikie.