Boksi la sabufa ya inchi 12 linavuma noti moja tu, nimekosea wapi?

Swali

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, wiki ya pili hii boksi linaninyima raha.

Nina sabufa moja ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4. Nimeziunganisha sambamba nikapata omu 2, na amplifaya inaimudu omu 2 bila kuchemka. Boksi nimelitengeneza kwa mikono yangu, MDF ya milimita 18, gundi na skurubu, na mbao mbili za kulishikilia kwa ndani. Upana sm 60, kimo sm 40, kina sm 35. Kwa hesabu yangu hizo ni lita 84. Bomba la hewa lina kipenyo cha sm 10 na urefu wa sm 15, lipo mbele pembeni ya spika, na hesabu ya masafa ya boksi ilinipa hezi 35 na nusu. Karatasi ya spika inasema Fs (masafa ya asili ya spika) hezi 28, Qts 0.50 na Qes 0.55 (namba za jinsi mtetemo wa koni unavyodhibitiwa), Vas (hewa yenye ulaini sawa na springi ya koni) lita 60.

Sasa shida. Linapiga kwa nguvu kweli, lakini kila besi inatoka sauti ile ile. Gitaa la besi lipande, lishuke, mimi nasikia "vuuu" moja tu. Nyimbo zenye besi ya chini kabisa ndiyo balaa: koni inaruka mbele na nyuma mpaka naizima kwa woga, na sauti yenyewe haipo. Gari ni sedani, boksi liko kwenye buti, spika inatazama nyuma. Nimeligeuza, nimepunguza geini, hakuna kilichobadilika.

Nilitumia siku tatu kulipiga msasa na kulivalisha kapeti. Sitaki kulivunja kabla sijajua kosa liko wapi.

Jibu la kwanza

Mkuu, usilivunje. Na ahsante kwa kuweka vipimo vyote, wengi huja na picha ya boksi peke yake.

Kosa liko kwenye lita. Ulivyoandika ni vipimo vya nje, na hewa haikai ndani ya unene wa mbao. Kila kipimo kinapoteza sm 3.6, kwa hiyo ndani una 56.4 kwa 36.4 kwa 31.4, yaani lita 64.5. Hapo bado sumaku na fremu ya spika, tuseme lita 3. Mbao zako mbili, kama lita 2. Bomba lenyewe nalo linakula nafasi, lita 1.4 hivi. Umebaki na lita 58. Uliyokuwa unaipigia hesabu ni lita 84!

Kwa nini lita zinaleta tofauti kubwa hivyo? Boksi lenye bomba ni chupa. Ukipuliza mdomoni mwa chupa tupu inatoa mlio mzito, ukiijaza maji nusu mlio unapanda. Hewa ya ndani ni springi, hewa iliyo bombani ni uzito unaocheza juu ya springi hiyo. Mjerumani Helmholtz alilieleza jambo hili karne ya 19, kabla ya spika za gari kuwepo. Ukipunguza hewa ya ndani springi inakaza, na masafa ya boksi yanapanda.

Hesabu yenyewe, kwa sentimita na lita: zidisha 23562.5 kwa mraba wa kipenyo, gawanya kwa mraba wa masafa mara lita, kisha toa kipenyo mara 0.732. Jibu ni urefu wa bomba. Ukiirudisha kinyume kwa lita 58 na bomba la sm 15, boksi lako linaimba karibu hezi 43. Ndiyo ile "vuuu" yako. Kila besi inayopita karibu na hapo inanyanyuliwa, nyingine zinafunikwa. Na chini ya hezi 43 koni haina tena wa kuizuia, hewa inaingia na kutoka bombani tu, na sauti inaanguka desibeli 24 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanaposhuka nusu. Hivyo woga wako ulikuwa wa haki, koili inaweza kugonga sumaku kwa nyuma.

Usiniamini kwa maneno. Weka alama ndogo ya chaki katikati ya koni, cheza milio ya majaribio kwa sauti ya chini, ukianzia hezi 60 ukishuka moja moja. Mahali ambapo alama inakaribia kusimama huku upepo wa bombani ukiwa mkali kuliko kwingine, hapo ndipo boksi lako lilipo.

Sasa kuna jambo ambalo nilipolikuta kwenye karatasi yangu nilifurahi kwa niaba yako. Gawa Fs kwa Qes: 28 kwa 0.55 ni 51. Kwa mazoea ya watengenezaji, spika iliyo karibu na 50 inataka boksi lililozibwa, iliyo karibu na 100 inataka bomba. Nikapiga hesabu ya kuziba: Vas 60 gawa kwa 58, jumlisha 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa Qts yako. Inakuja 0.71, ndiyo Q ya spika ikiwa ndani ya boksi lililozibwa. Wenye kazi hii hutafuta 0.707, ndipo besi inaponyooka bila kinundu. Yaani ulitengeneza boksi sahihi kabisa la spika yako, ukalitoboa tundu moja la ziada. Lizibe tundu hilo, usikilize.

Jibu la pili

Nakubaliana na hesabu, ila mimi nisingekimbilia kuziba. Bomba likikaa sawa linakupa sauti kubwa zaidi kwa amplifaya ile ile, na kuna watu wanaitaka hiyo. Ukitaka kushuka hezi 33, bomba lako liwe la sm 31. Kina chako cha ndani ni sm 31.4, kwa hiyo likienda moja kwa moja litagusa ukuta wa nyuma na kukosa pumzi. Acha walau nafasi sawa na kipenyo cha bomba, maana yake ulipinde kwa kiwiko au ulihamishie ubavuni.

Usidanganyike kuweka mabomba mawili ili upepo utulie. Kila moja litataka zaidi ya sm 65, na boksi lako lote lina upana wa 60. Na ukibaki na bomba, washa kwenye amplifaya kichujio kinachokata masafa yaliyo chini ya hezi 28 au 30, koni isiruke tena.

Muuliza swali

Wakuu nimerudi. Nilifanya jaribio la chaki jana jioni. Kwenye 50 alama ilikuwa inatetemeka, 46 ikapungua, na kwenye 43 ikasimama kama imegandishwa, huku upepo wa bombani unasukuma kitambaa nilichokishika. 43 kamili! Nilikaa chini nikaitazama.

Nikakata kisahani cha MDF, nikakibana mdomoni mwa bomba kwa silikoni, nikaacha usiku mzima. Leo asubuhi nimesikiliza wimbo ninaoujua tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza humu garini nimesikia gitaa la besi likitembea, noti kwa noti.

Mambo mawili. Kulikuwa na mlio kama nyoka kila besi ilipogonga. Nilipitisha kiganja kilicholowa maji kuzunguka boksi, nikahisi ubaridi kwenye kibati cha kuunganishia nyaya. Nimekipaka silikoni, umeisha. La pili, sauti imepungua kidogo na ile ya chini kabisa sina uhakika nayo.

Jibu la kwanza

Ule mlio wa kuvuja ulikuwa unakuibia besi tangu mwanzo, umefanya vizuri kuufuata.

Kupungua ni kawaida, bomba lilikuwa linaongeza pale 43. Huko chini usiogope: boksi lako sasa linaanza kushuka karibu hezi 40, taratibu, desibeli 12 kwa oktava, na gari lenyewe kwa kuwa ni chumba kidogo kilichofungwa linanyanyua besi za chini. Viwili hivi vinafidiana kwa sehemu kubwa, ndiyo maana napenda boksi la kuziba ndani ya gari kuliko sebuleni.

Ongeza geini kidogo kidogo, na ukisikia besi inakwaruza rudi nyuma, usisubiri harufu ya koili. Jaza ndani nusu kilo ya pamba ya poliesta ya mito, ilegeze vizuri, isiguse koni wala isizibe tundu la nyuma la sumaku. Spika itaona boksi kubwa kuliko lilivyo.

Mwisho, weka kichujio cha sabufa kikate masafa yaliyo juu ya hezi 80, kaa kiti cha dereva, na umwombe mtu ageuze nyaya za sabufa, chanya iwe hasi. Sikiliza wimbo ule ule pande zote mbili. Upande ambao ngoma inasikika kutoka mbele, karibu na dashibodi, uache hivyo.